Gemu za mbio za magari zenye uhalisia kwenye PS, Xbox na kompyuta: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayajibu karibu kila wiki, kwa meseji, kwa voisi noti, na kuna siku mtu kaja mpaka mlangoni kabeba stelingi kwenye boksi anauliza kama itaingia kwenye PS yake. Nimeyapanga hapa ili nikiulizwa tena nikutumie huku. Kama ndo unaanza soma kuanzia juu, kama ushanunua vitu vyako ruka uende sehemu ya stelingi. Mi nipo Dar, nyumbani nina PS5 na kompyuta, Xbox natumia ya mdogo wangu.

## Ya mwanzo kabisa

1. Hivi simuleta ni nini, si zote ni gemu za magari tu?

Tofauti ipo kwenye tairi. Kwenye Need for Speed au Forza Horizon gari limetengenezwa likusaidie, unaingia kona na 200, unavuta breki ya mkono, gari linaslaidi vizuri afu linanyooka lenyewe unaendelea na safari. Simuleta inapiga hesabu ya kila tairi peke yake: limebeba uzito kiasi gani saa hii, lina joto gani, limelika kiasi gani, limeshika lami au limeanza kuteleza. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinabaki nyepesi, na ukikata stelingi wakati huohuo mkia unatoka. Hakuna mtu aliyepanga mkia utoke pale, hesabu ndo imeleta hivyo.

Hesabu hiyo inarudiwa mara nyingi sana kwa sekunde moja, Assetto Corsa mara 333, Assetto Corsa Competizione mara 400, iRacing na Forza Motorsport mara 360. Watu wanabishana sana na hizi namba, ila usichagulie gemu hapo. Kinachobeba ni tairi lenyewe limeelezwa vizuri kiasi gani, na hilo haliandikwi kwenye boksi.

2. Nina hela ya kitu kimoja tu, nichukue PS5, Xbox au kompyuta?

Kama unataka ukae sebuleni, uwashe, ucheze, na hutaki habari za kutafuta draiva saa sita usiku, chukua PS5. Gran Turismo 7 ipo hapo tu na PS4, na stelingi za mitumba za PS ndo zinapatikana kirahisi zaidi kwa wauzaji ninaowajua huku. Xbox ina sababu moja nzito, Game Pass, unalipa kwa mwezi na Forza Motorsport unaikuta humo.

Kompyuta ndo yenye kila kitu. iRacing, Le Mans Ultimate, Automobilista 2, RaceRoom, Richard Burns Rally, zote hizo leo ni za kompyuta tu, na stelingi yoyote iwe ya PS au ya Xbox inaingia. Ubaya wake ni kwamba kompyuta ya maana ina bei kuliko PS5, na utatumia muda kuset vitu. Ushauri wangu wa siku zote: kama ushakuwa na laptop yenye grafiki kadi hata ya zamani, usikimbilie konsoli, nenda kwanza swali la 19.

3. Mkuu niambie moja tu, ipi ina uhalisia kuliko zote?

Mi nina jaribio moja miaka yote, gari moja, kona moja. Nachukua Mercedes-AMG GT3, gari la mbio lililotokana na gari la barabarani, naenda Spa-Francorchamps kule Ubelgiji, sakiti ya kilomita 7.004, na ninachoangalia ni kona ya kwanza tu, La Source. Unakuja kwa kasi kwenye mnyoofu mfupi, unashusha gia mpaka ya pili au ya kwanza, kona inakugeuza kulia karibu urudi ulikotoka. Gari hilo na sakiti hiyo utavikuta kwenye gemu nyingi kubwa, kwahiyo unalinganisha kitu na kitu chake.

Kwenye Competizione unakanyaga breki kwa nguvu, ABS inatetemeka, afu unaanza kuiachia polepole huku unaingiza stelingi, na hapo unasikia pua ya gari inavutwa ndani ya kona. Ukiiachia haraka pua inakataa, gari linapitiliza moja kwa moja. Ukichelewa kuiachia, mkia unaanza kutembea. Kati ya hayo matatu mguu wako umesogea kidogo sana, kama unene wa kidole, na gemu imeona. Nikienda Gran Turismo 7 kona ileile inasamehe zaidi, mkia ukianza kutoka unapata muda wa kuurudisha, ila kwenye kutoka ukikanyaga mafuta mengi na gia ya pili tairi za nyuma zinazunguka kweli. Assetto Corsa ya zamani stelingi inaongea vizuri sana mikononi ingawa picha zimechoka. iRacing ndo kali, ukishapoteza mkia pale mara nyingi umeshaupoteza.

Kwahiyo jibu langu: kwa magari ya GT3 ni Competizione, kwa magari makubwa ya Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, ni Le Mans Ultimate, kwa kushindana na watu ni iRacing, kwa rali ni Richard Burns Rally. Hakuna moja inayoshinda kotekote na mtu akikwambia ipo basi anacheza hiyo moja.

## Gemu moja moja

4. Gran Turismo 7 ni simuleta kweli au watu wanaisifia tu?

Ni simuleta, na mi nitaitetea popote. Kazunori Yamauchi na wenzake wa Polyphony Digital walianza na Gran Turismo ya kwanza Desemba 1997 kwenye PlayStation, na wengi wetu tulijua kwamba gari linaweza kuwa la kuendeshwa na tairi za mbele au za nyuma kupitia gemu zile. Ya 7 ilitoka Machi 2022. Magari ya kawaida ya barabarani ndo yanakuwa matamu humo, ukichukua Mazda Roadster ukalitia kwenye kona unalisikia linavyolala upande.

Inapopungua ni kwenye ajali, unagonga ukuta na gari linabaki karibu zima, na kwenye kupata pesa za kununua magari ya gharama, inataka uvumilivu. Ukiwa na miwani ya PSVR2 gemu yote inabadilika, unageuza shingo unaiona kona kabla hujafika, sijaona kitu kingine kwenye konsoli kinachokupa hiyo.

5. Gran Turismo 7 na Forza Motorsport, nani mkali?

Forza Motorsport ya Oktoba 2023 ipo Xbox Series na kompyuta, na fizikia yake imeboreshwa sana kuliko za nyuma, tairi sasa lina sehemu nane za kugusa lami badala ya moja. Kwa pedi naiona nzuri sana, labda kuliko GT7. Kwa stelingi GT7 inanipa habari nyingi zaidi mkononi. Kitu kimoja naipendea Forza kwa roho yote, ina Kyalami, sakiti ya Afrika Kusini, na ile kushuka mlima kwenye kona ya Mineshaft ukiwa na gari zito inatisha. Kyalami ipo pia Competizione kwenye kifurushi cha Intercontinental.

Zote mbili zinataka intaneti, soma swali la 15.

6. Assetto Corsa ziko ngapi? Nachanganyikiwa.

Zinatoka kwa Waitaliano wa Kunos Simulazioni. Ya kwanza, Assetto Corsa tupu, ilikamilika Desemba 2014 kwenye kompyuta na 2016 ikaja konsoli. Ya pili ni Assetto Corsa Competizione, watu wanaiita ACC, ilikamilika Mei 2019, hii ni ya magari ya GT peke yake, ina mvua, ina usiku, ina mbio za saa 24. Ya tatu ni Assetto Corsa EVO, ilianza kuuzwa ikiwa bado inajengwa Januari 2025, kompyuta tu.

Kama una kompyuta anza na ya kwanza. Inashuka bei kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, kila mara, kuna wakati chini ya dola 10, na modi zake, yaani magari na sakiti ambazo mashabiki wametengeneza, haziishi, swali la 20 nimeeleza. Kama una PS5 au Xbox Series ruka ya kwanza uchukue ACC, maana ya kwanza kwenye konsoli haina modi na bila modi utamu wake mwingi umebaki kompyuta.

7. iRacing mbona gharama hivyo, inafaa kweli?

Unalipa kujiunga, afu magari na sakiti zaidi ya zile chache za kuanzia unanunua pembeni, gari moja linakaribia dola 12. Ukiandika kwenye karatasi inauma. Unacholipia ni watu. Kila mtu anatumia jina lake halisi, ukigonga wenzako au ukitoka nje ya barabara alama zako za usalama zinashuka, na unapangwa na wa kiwango chako. Ndo maana kona ya kwanza kwenye iRacing watu wanapishana kistaarabu wakati kwenye gemu nyingine kona ya kwanza ni kama stendi ya daladala saa kumi na mbili jioni. Ipo tangu 2008, sakiti zake zimeskeniwa kwa leza, mpaka mabonde madogo ya lami yapo, na Max Verstappen mwenyewe anashindana humo.

Usianze nayo lakini. Kaa kwanza miezi kadhaa na Assetto Corsa, ukiona bado unaamka unaiwaza ndo ulipie.

8. Na hizi Le Mans Ultimate, Automobilista 2, RaceRoom?

Le Mans Ultimate imejengwa juu ya msingi wa rFactor 2, simuleta ya zamani, ikaanza Februari 2024 na ikakamilika Julai 2025. Ina magari ya ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, na hisia ya stelingi ni kati ya bora nilizowahi kushika. Automobilista 2 inatoka Brazil, kwa Reiza Studios, ina magari ya aina nyingi mno, mpaka magari ya mashindano ya kwao Brazil ambayo hutayakuta kwengine. RaceRoom unaanza bure na magari machache na unalipia unachotaka, na sauti zake za injini ni tamu, weka hedifoni. Zote tatu ni kompyuta.

9. Na gemu ya F1, inahesabika?

Nusunusu. Ya Codemasters chini ya EA ni nzuri kwa kufuata msimu mzima, timu, kuboresha gari, na kwa pedi inaendesheka vizuri. Fizikia imelainishwa ili kila mtu afurahie. Kama unaipenda Formula 1 yenyewe nunua, ila subiri miezi michache baada ya kutoka bei ishuke.

10. Nataka rali, nasikia Safari Rally ipo. Kweli?

Ipo. EA Sports WRC ya Novemba 2023 inapatikana PS5, Xbox Series na kompyuta, na ina Safari Rally ya Kenya. Kabla yake WRC 9 ya 2020 ilishaiweka, na uhondo wake ni kwamba Safari yenyewe ilirudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 kule Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, yaani kwenye gemu tuliiendesha kabla haijarudi kweli.

Kuendesha hatua za Kenya, yaani vile vipande vya barabara vya kushindania muda, kwa mtu wa huku ni kitu kingine. Vumbi lile, udongo ule, miti ile ya miiba, macho yanavijua. Mara ya kwanza nilisimamisha gari katikati ya hatua nikazungusha kamera tu kuangalia. Afu nikaendelea, nikasahau kwamba barabara ya udongo inataka upunguze mapema na ugeuze gari kabla ya kona, nikalipindua. Rali haiendeshwi kama sakiti, unakata stelingi mapema, unagusa breki uzito uende mbele, gari linaanza kugeuka, afu unalikokota na mafuta.

Dirt Rally 2.0 ya 2019 bado naipenda, barabara inachimbika kadiri magari yanavyopita mbele yako, ila Kenya haimo. Na kwa mwenye kompyuta, hata mbovu, kuna Richard Burns Rally ya 2004. Ni ya zamani kweli ila mashabiki wamekuwa wakiijenga miaka yote, magari na hatua zimeongezwa mno, na mpaka leo kwa hisia ya udongo sijaona inayoifikia. Huyo Richard Burns mwenyewe alishinda Safari mara mbili, 1998 na 2000.

## Stelingi, pedali na kiti

11. Pedi inatosha au lazima stelingi?

Pedi inatosha kwa GT7, Forza, F1 na EA Sports WRC, na kwenye PS5 ukicheza GT7 kitufe cha breki kinatetemeka kidoleni ABS ikifanya kazi, unajifunza mengi kwa hicho tu. ACC kwa pedi inawezekana ila utateseka mwanzo, punguza wepesi wa stelingi kwenye mipangilio. iRacing na Le Mans Ultimate bila stelingi mi sikushauri.

12. Nimepata stelingi ya mtumba bei poa, itaingia kwenye mashine yangu?

Hapa ndo watu wanapoteza hela sana, soma taratibu. Stelingi ya Xbox haiingii PS, na ya PS haiingii Xbox. Logitech G29 ni ya PS na kompyuta. G920 inafanana nayo karibu kila kitu ila ni ya Xbox na kompyuta. G923 ipo ya aina mbili, angalia boksi. Thrustmaster T300 ni ya PS na kompyuta, TX ni ya Xbox na kompyuta. Moza R5 ni kompyuta peke yake.

Na hii niandike kwa herufi kubwa: G27 NA G25 HAZIINGII PS4 WALA PS5. Zimejaa kwa wauza mitumba, zina klachi na gia ya mkono, zinapendeza, muuzaji anakwambia "ni ya PS hiyo kaka", na ni kweli ilikuwa ya PS3. Kama una kompyuta chukua, ni mashine nzuri. Kama una PS5 achana nayo.

Kabla hujalipa omba ichomekwe umeme na kompyuta. G29 na ndugu zake ikiwashwa lazima izunguke yenyewe mwisho wa kushoto mpaka mwisho wa kulia, ikigoma njiani au ikisaga weka hela yako mfukoni. Soma na kibandiko cha adapta, kama kimeandikwa volti 110 peke yake ukichomeka huku unaunguza.

13. Stelingi za mota ya moja kwa moja zina tofauti gani na hizi za Logitech?

G29 ina mota mbili ndogo zinazopitia gia za meno, nguvu yake ni kama nyutoni-mita 2 hivi, unasikia gia zinagonga ukipita juu ya matuta. T300 inatumia mkanda, laini zaidi. Hizi nyingine stelingi imefungwa kwenye mota yenyewe, Fanatec CSL DD inaanzia nyutoni-mita 5, kwahiyo tairi likianza kuteleza unalisikia mapema na safi.

Tofauti ni kubwa, ila kama hela ni ya kitu kimoja nunua pedali nzuri kwanza, hasa breki inayopima nguvu ya mguu badala ya umbali ambao mguu umeshuka. Rudi swali la 3 uone La Source inaamuliwa na nini. Mguu unakumbuka nguvu vizuri kuliko unavyokumbuka umbali, ukishazoea utakuwa unakanyaga sawasawa lepu baada ya lepu na muda utashuka wenyewe.

14. Breki yangu inajikanyaga yenyewe, gari linapunguza mwendo kwenye mnyoofu. Imekufa?

Haijafa, ni vumbi. Pedali za Logitech ndani zina kipima-mzunguko kidogo, pale vumbi likiingia namba zinaanza kurukaruka. Fungua pedali kwa nyuma, tafuta hicho kidude kimefungwa ubavuni mwa pedali ya breki, puliza dawa ya kusafishia vifaa vya umeme kwenye kitundu chake, kanyaga mara hamsini hivi, subiri ikauke. Yangu nimefanya hivyo mara tatu na bado ipo. Usitumie mafuta ya kulainishia minyororo. Ukirudisha, kila ukiwasha kanyaga kila pedali mpaka mwisho mara moja ili ijipime upya.

Na kama kiti chako cha magurudumu kinarudi nyuma kila ukikanyaga breki, chukua viatu vizee, ingiza magurudumu ndani ya viatu. Kinakaa.

## Intaneti, bando na umeme

15. Naweza kucheza bila intaneti?

Assetto Corsa, ACC, Automobilista 2, unacheza vizuri tu na magari yanayoendeshwa na gemu yenyewe. GT7 karibu yote inataka mtandao, hata ukicheza peke yako, na Forza Motorsport kwenye kujenga kazi yako nayo hivyohivyo. iRacing bila intaneti haipo. Kwa mtu ambaye mtandao wa nyumbani ni wa kubahatisha hili ni la kuangalia kabla ya grafiki.

16. Pingi yangu ni kubwa, nitaweza kushindana na Wazungu?

Pingi ni muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, na kutoka huku kwenda seva za Ulaya mara nyingi utaona zaidi ya milisekunde 100, data inapita chini ya bahari na hakuna mtaalamu wa kukupunguzia hilo. Habari njema ni kwamba mbio za magari zinavumilia kuliko gemu za bunduki. Gari lako unaliendesha kwenye mashine yako mwenyewe, wengine wanaonyeshwa ulipo. Kinachoharibu ni pingi inayopanda na kushuka, 150 iliyotulia unashindana vizuri, ile inayoruka 90 mpaka 400 unawatokea wenzako kama jini. Tumia waya badala ya waifai, na zima simu zinazoshusha video wakati wa mbio. Pia ukiwa umebanana na mtu muachie nafasi zaidi, yeye anakuona ukiwa nyuma kidogo ya ulipo.

17. Inakula bando kiasi gani?

Mashindano yenyewe yanakula kidogo sana. Kinachomaliza bando ni kushusha na apdeti. GT7 na Forza Motorsport kila moja ni zaidi ya GB 100. Kama una PS, diski inapunguza mzigo wa mwanzo ila apdeti zitakuja tu. Watu wengi huku wanashusha usiku kwa bando la usiku, au wanapeleka mashine kwa rafiki mwenye faiba, mi mwenyewe nimefanya hivyo.

18. Umeme ukikatika katikati ya mbio?

Mbio zimeisha, kwenye mtandao zinahesabika umekimbia na alama zinashuka. UPS ndogo iliyobeba ruta na kompyuta inakupa dakika za kumaliza lepu na kutoka salama. Kwenye mbio ndefu za peke yako, ACC ina sehemu ya kuhifadhi mbio na kuendelea baadae.

## Ya pembeni

19. Kompyuta yangu ni ya zamani, niache tu?

Usiache. Assetto Corsa ya kwanza waliandika inaanzia Core 2 Duo na RAM ya GB 2. Haitapendeza, lakini shusha vivuli, toa vioo vya pembeni, punguza idadi ya magari mpaka sita, utaendesha. Lengo ni fremu 60 kwa sekunde zilizotulia, bora picha mbaya inayotiririka kuliko nzuri inayokwama ukiwa katikati ya kona. Richard Burns Rally inakimbia hata kwenye laptop za ofisini.

20. Modi zinawekwaje, na ni halali?

Kwenye Assetto Corsa unaweka Content Manager badala ya kianzishi cha kawaida, afu unaongeza Custom Shaders Patch inayoleta taa bora na vitu vingi ambavyo gemu haikuzaliwa navyo. Modi ya gari au sakiti unaiburuta kwenye dirisha, inajiweka. Modi za mtu aliyechora mwenyewe hazina shida. Zipo zilizochomolewa kwenye gemu nyingine zikabandikwa, hizo kwanza si haki, pili fizikia yake huwa ya kubahatisha, gari linapendeza na linaendesheka kama toroli.

Na kabla hujauliza, gemu ya kukrakiwa sikushauri, mtandaoni huingii, apdeti hupati, na Assetto ikishuka bei inalingana na chakula cha mchana mjini.

21. Rafiki yangu ana Xbox mi nina PS5, tunaweza kukutana?

Kwenye EA Sports WRC na gemu za F1 za karibuni, ndio. Forza Motorsport inaunganisha Xbox na kompyuta. GT7 ni PS4 na PS5. ACC haichanganyi kompyuta na konsoli, hilo linawaumiza wengi, kwahiyo kikundi chenu kikubaliane mashine kabla ya kununua gemu.

22. Kwanini naona kona zinakuja haraka mno?

Upana wa kuona umekaa vibaya. Gemu nyingi zinakuja na upana mkubwa ili uone dashibodi yote, matokeo yake kona inaonekana iko mbali kuliko ilivyo, afu ghafla umefika. Skrini ya inchi 24 ukikaa sentimita 60, upana sahihi ni kama digrii 48 kwa mlalo, na kwa Assetto Corsa ambayo inahesabu kwa wima weka 28. Siku ya kwanza utaona kama unaangalia kupitia dirisha dogo. Vumilia siku tatu. Sogeza skrini karibu kadiri unavyoweza, nyuma tu ya stelingi, ndo utapata upana bila kudanganya.

23. Mtu anaweza kutoka kwenye gemu akawa dereva kweli?

Wapo. Lucas Ordóñez alishinda GT Academy, shindano la kutafuta madereva kupitia Gran Turismo, ile ya kwanza 2008 na 2011 akamaliza wa pili kwenye daraja lake Le Mans. Jann Mardenborough alishinda GT Academy 2011 naye akafika Le Mans. William Byron alianzia iRacing, akaja kushinda Daytona 500, mbio kubwa za Marekani, mwaka 2024 na 2025. Hao walifungua milango kwa vipaji na kwa kupata mtu wa kuwalipia.

Kwa barabara zetu, gemu inakufundisha kuangalia mbali na kutokata stelingi kwa hasira. Haikufundishi bodaboda anayetokea kushoto. Leseni yako ipate kwa mwalimu.

24. Kuna ya simu?

GRID Autosport ipo kwa Android na iPhone, unalipa mara moja na ni gemu kamili, inataka simu yenye nguvu. Ukiunganisha pedi ya bluetooth inaendesheka vizuri.

25. Gemu niliyoitaka imetoweka dukani, imeenda wapi?

Leseni za magari na sakiti zinaisha muda. Project CARS ya kwanza na ya pili ziliondolewa kuuzwa 2022 kwa sababu hiyo. Aliyekwisha nunua anaendelea nayo, na wa konsoli anaweza kutafuta diski ya mtumba. Project CARS 2 ina mvua inayotuama madimbwi kwenye lami, pale pale maji yanapojaa gari linaelea, ukiiona diski yake mtaani ikiwa haina mikwaruzo ichukue.